Nani Ajibu kwa Mali ya Hisani?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme neno juu ya jambo lililo mikononi mwa wengi wetu bila kutazamwa vema. Karibu kila mwanachama wa Chama hiki katika wilaya za Mbulu na Hanang, akitoka ofisini saa tisa unusu, ana kazi ya pili isiyo na mshahara: ni katibu au mtunza fedha wa chama cha hisani, cha yatima, cha wagonjwa, cha shule au cha mazishi. Sisi twachaguliwa kwa kuwa twajua kuandika. Juu yetu huwekwa wadhamini, nao huchaguliwa kwa kuwa ni wazee wenye heshima. Hapo ndipo taabu huanza.

Jambo hili lilizidi uzito tarehe 3 Desemba 2023, matope na mawe yaliposhuka kutoka Mlima Hanang yakaupiga mji wa Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Misaada ilitoka pande zote za nchi: fedha, mablanketi, unga, magodoro. Serikali ilikuwa na njia yake ya kupokea, na baadaye nyumba 109 zilijengwa Waret kwa waliopoteza makao. Habari hiyo siigusi. Nasema juu ya vyama vidogo, ambavyo navyo hupokea shilingi ya mtu wa mbali asiyepajua Katesh wala asiyeweza kuja kuuliza. Mtu huyo amemwamini nani? Katibu hamjui. Amewaamini wadhamini, ambao majina yao yameandikwa juu ya karatasi ya chama.

Wako wasemao, “Mdhamini ni wa heshima tu, kazi ni ya katibu.” Maneno haya hayana msingi. Sheria yetu ya wadhamini, Sura ya 318, ilitungwa mwaka 1956, na leo usajili wake uko kwa RITA. Wadhamini wakiisha kusajiliwa huwa mwili mmoja machoni pa sheria. Wana lakiri yao, waweza kushtaki na kushtakiwa, na mali husimama kwa jina la bodi, hata mmoja wao akifa mali haimfuati kaburini wala haiendi kwa warithi wake. Hii ni faida kubwa. Hospitali ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari Walutheri wa Norwei. Waanzilishi wale hawapo tena, na wagonjwa wangali wakitibiwa, chini ya Dayosisi ya Mbulu ya KKKT. Kazi ya namna hii haiwezi kukaa juu ya jina la mtu mmoja.

Walakini usajili si ngao ya mvivu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1872, iliyotangulia katika mambo haya, ilisema wazi kwamba mdhamini, hata baada ya kusajiliwa, atajibu kwa mali iliyofika mkononi mwake na kwa matendo na uzembe wake mwenyewe, kana kwamba usajili haukufanyika. Litazameni neno lile, uzembe. Si wizi peke yake.

Nimeona kwa macho yangu kitabu cha hundi cha chama kimoja, nisichopenda kukitaja, ambacho kurasa zake zote zilikwisha tiwa sahihi na wadhamini wawili, ati katibu asipate taabu ya kuwafuata mashambani wakati wa mavuno. Katibu yule alikuwa mwaminifu, wala fedha hazikupotea. Lakini watu walipoanza kunong’ona, hakuwa na shahidi hata mmoja. Alikuwa ameamua peke yake, amelipa peke yake, na kuandika peke yake. Wazee walisema hawajui lo lote, nao walisema kweli.

Karani mwenzangu, kumbuka kwamba Kanuni ya Adhabu, iliyoanza kutumika mwaka 1945, humtaja karani na mtumishi waziwazi, na adhabu ya wizi wake ni nzito kupita ya mwizi wa kawaida. Kwa hiyo usikubali kushika sanduku na daftari pamoja. Kazi ya mtendaji ni kutekeleza yaliyoamriwa, kuandika hesabu, na kuwaletea wadhamini habari mbaya mapema kama aletavyo njema. Na chama kilichosajiliwa kwa sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2002 sharti kipeleke kila mwaka taarifa ya kazi, na ya hesabu zilizokaguliwa. Wadhamini wasipoisoma, nani aisome?

Mdhamini naye asitafute faida. Mwaka 1726, huko London, mdhamini wa mtoto mmoja alikuwa akimtunzia upangaji wa soko la Romford. Muda ulipokwisha mwenye soko alikataa kumpangisha mtoto tena. Mdhamini akajipangia mwenyewe. Hakuiba, maana mtoto asingeupata upangaji ule kwa vyo vyote. Hata hivyo mahakama iliamuru amrudishie mtoto soko na faida yote. Wako kwetu wanaokodisha gari lao kwa chama wanachokidhamini, kisha wakaketi barazani kuidhinisha malipo.

Najua nitaambiwa kwamba kumhoji mzee ni utovu wa adabu. Sikubali. Kwa Wairaqw, kahamusmo alikuwa msemaji wa wazee. Alisema yaliyokubaliwa barazani, wala hakuachiwa kuamua peke yake wazee wakiwa wamelala nyumbani. Katibu ndiye msemaji wa namna hiyo.

Basi naleta shauri kwa mkutano wetu ujao. Kila mwanachama aliye katibu wa hisani awapelekee wadhamini wake daftari, taarifa ya benki na orodha ya mali, kila miezi mitatu. Asiyejua kusoma asomewe kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, na sahihi au alama ya kidole itiwe siku ile ile, baada ya kusoma. Mdhamini asiye na nafasi aombwe kwa adabu ampishe mwingine, na RITA wapelekewe jina jipya. Na hundi zilizokwisha tiwa sahihi zikiwa tupu zifutwe kabla ya siku ya mkutano.

Ni mimi,
Karani, Mbulu