Nani Atakayelibeba Jamvi?



Katika parokia zetu, anapozaliwa mtoto mwenye mdomo uliopasuka, husikika neno jepesi: “Upasuaji wake ni wa bure, wazazi wangojee tu.” Neno hilo tunalikataa. Kweli wako wafadhili, kama Smile Train, wanaozilipa hospitali gharama za upasuaji huo. Lakini msaada wao hupatikana hospitalini, na umaskini wa familia huanza mbali kabla ya kufika huko.

Fikirini safari yenyewe. Mtoto huyo hunyonya kwa shida, hasa kama na kaakaa lake limepasuka, na uzito wake hubaki nyuma. Kwa kawaida waganga hungoja afikishe miezi 3 na kilo 5 hivi, na damu yake iwe ya kutosha, ndipo waushone mdomo. Kaakaa hurekebishwa baadaye, mara nyingi kabla ya miezi 18, ili ajifunze kusema vizuri. Basi mama maskini aliyekwisha kukopa nauli huambiwa arudi nyumbani, mtoto bado ni mwepesi mno. Nani atalipa pikipiki ya safari ya pili? Nani atampelekea mama chakula hospitalini? Nani atawalisha watoto waliobaki, na shamba limelala? Hapo ndipo wazazi hukata tamaa, na majirani hunong’ona kwamba ni laana.

Watatuambia kwamba vijana hatuna fedha. Mbona kila sikukuu ya msimamizi wa parokia twapata kitenge kipya cha sare? Hatuilaumu sherehe. Twauliza tu ni kwa haki gani twapendeza katika maandamano, hali mtoto wa shirika letu amekosa nauli. Wengine watasema tuombe. Tuombe, naam, lakini Mtakatifu Yakobo aliwakaripia waliomwaga maskini kwa baraka bila kumpa chakula wala nguo.

Katika sura ya 2 ya Injili ya Marko, watu wanne walimbeba mwenye kupooza. Kuponya kulikuwa kwa Bwana. Kwao kulikuwa kubeba. Mlango ulipozibwa na umati, walitoboa paa, na Yezu akaiona imani yao.

Kila kikundi kimtafute katika mashirika mtoto mmoja anayengojea upasuaji, kwa idhini ya wazazi wake, kisha kichague wanne: wa kwanza ashughulikie nauli, wa pili chakula cha mama, wa tatu watoto waliobaki nyumbani, wa nne awasindikize siku za kurudi kwa mganga. Sare ya mwaka jana yatosha kwa sikukuu ijayo. Wala msimpige mtoto picha ya kuonyesha watu. Hakuzaliwa ili atangaze wema wetu.