Usikivu Usiopima Sauti

Lugha yetu ina neno lenye hekima na hatari kwa pamoja. Mtoto anayetii twamwita msikivu. Asiyetii twasema hasikii. Kusikia na kutii vimefungwa katika shina moja, nasi walimu tumelitumia fundo hilo tangu zamani: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mahubiri mengi niliyoyasikia juu ya kumtii Mungu yamesimama juu ya methali hiyo hiyo.

Tangu Aprili 2023 methali hiyo imenitia taabu. Mwezi huo polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, ndani ya Malindi, na kabla ya mwaka kwisha miili iliyofukuliwa ilikuwa imepita 400. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kuwa wengi walikufa kwa njaa, na kwamba baadhi yao, wakiwamo watoto, walinyongwa au kuzibwa pumzi. Mhubiri Paul Mackenzie, anayedaiwa kuwaambia wafuasi wake wafunge hadi wamwone Yesu, alishtakiwa pamoja na wenzake mwaka 2024, naye akakana mashtaka. Hukumu ni ya mahakama. Linalotuhusu sisi ni usikivu wa wale waliokwenda msituni.

Yamesemwa mengi kwamba watu wale walikosa akili au walikosa shule. Sikubali. Miongoni mwao walikuwamo watu waliosoma na wenye kazi. Waliacha makwao, wakavumilia jua na kiu, wakashika neno waliloambiwa kuwa ni la Bwana. Kwa kipimo cha mahubiri yetu ya kawaida, hao ndio waliokuwa wanafunzi bora. Jambo hilo lapaswa kututisha kuliko mengine yote.

Tazama tunavyolifundisha lile fundisho la mtoto Samweli hekaluni Shilo. Tunasifu utayari wake, tunasahau kwamba mara tatu alidhani ni Eli anayemwita. Alishindwa kupambanua sauti ya Mungu na sauti ya kuhani! Na kuhani mwenyewe ndiye aliyemwambia kwamba siye aliyeita. Kisha ujumbe wa kwanza aliopewa mtoto yule ulikuwa dhidi ya nyumba ya Eli, naye Eli akataka aambiwe wote bila kufichwa. Hapo ndipo ninapoipata alama ya kiongozi wa kweli: huweza kusema, "Si mimi," na huweza kusikiliza neno linalomshtaki.

Najua mtu atanijibu kwa Ibrahimu, aliyeamriwa kumtoa mwanawe wala hakuuliza. Hoja hiyo ni nzito, siipuuzi. Lakini Ibrahimu aliitwa mara ya pili, na sauti ya pili ilimzuia mkono. Lau angaliisikia ya kwanza tu na kuziba masikio, Isaka angalikufa, na utii wa baba ungalikuwa uasi. Hata juu ya saumu, nabii Isaya alikwisha kueleza kwamba funga aipendayo Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula. Mzazi aliyemnyima mwanawe uji alikuwa na andiko hilo ndani ya Biblia yake mwenyewe.

Wala mambo haya si mageni pwani hii. Rabai, katika kaunti hii hii ya Kilifi, Krapf na Rebmann walianzisha kituo chao mwaka 1846, na injili yao ilikuja pamoja na herufi, ili muumini ajisomee mwenyewe. Mackenzie naye alikamatwa mwaka 2017 kwa sababu ya kuhubiri dhidi ya elimu ya shule. Naona maana katika hilo: anayetaka kusikilizwa peke yake huanza kwa kuziondoa sauti nyingine.

Lakini nasi tusijitakase. Katika madarasa yetu ya somo la dini mwanafunzi anayeuliza, "Mwalimu, andiko hilo lasema hivyo kweli?" mara nyingi huambiwa akae chini. Paulo alipohubiri Beroya, wasikilizaji walikwenda kuyachunguza maandiko kila siku kuona kama asemayo ndivyo yalivyo, na kitabu cha Matendo kinawasifu kwa hilo. Ningependa kila mwalimu wa somo hilo, toka Mtwapa hadi Marafa, atenge kipindi kimoja kwa juma, wanafunzi walete mahubiri waliyoyasikia Jumapili, wayapime kwa Biblia iliyofunuliwa mezani, hata kama aliyehubiri ni mwalimu mwenyewe.