Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijapata kuuona ukweli wa usemi huo ukidhihirika kama nilivyouona katika ukumbi wa shule moja kaskazini mwa Uingereza, nilikokwenda kumjulia hali mpwa wangu anayefanya kazi huko. Kila Ijumaa jioni yeye na wenzake hutandika zulia sakafuni, wakapanga vibao vya kuonyesha njia na kona zake, kisha wakashindanisha magari madogo ya umeme yanayoongozwa kwa redio. Si vijigari vya kuchezea watoto wachanga. Kila kimoja kina urefu upatao dhiraa moja, na hupita mbele ya macho ya mtu kabla hajajua ni cha nani.

"Mjomba, hali si njema," mpwa wangu aliniambia tulipokuwa tukibeba vibao. "Tukiendelea hivi hatufiki Krismasi."

Usiku huo walihudhuria madereva 11. Mimi, ambaye sijui kuendesha hata kimoja cha vigari hivyo, nilikaa pembeni nikapiga hesabu. Tuchukue mfano rahisi. Ikiwa ukumbi unakodishwa kwa pauni 100 kwa usiku mmoja, na kila dereva anatoa kiingilio cha pauni 10, basi madereva 10 wa kwanza wanalipa kodi peke yake. Bima, ukarabati wa zulia na mtambo wa kuhesabu mizunguko hulipwa na yule wa 11 na wote walio nyuma yake. Kwa hivyo kiwanja cha namna hii hakiokolewi na bingwa wake. Huokolewa na dereva wa 11, wa 12 na wa 15, ambao aghalabu hakuna anayewajua majina.

Dereva wa 11 usiku huo alikuwa mvulana wa miaka kama 11 hivi, aliyeletwa na mama yake. Gari lake alikuwa amepewa zawadi siku ya kuzaliwa. Walimpanga katika kundi moja na watu walioshindana tangu ujana wao. Mbio huchukua dakika 5. Katika mzunguko wa pili aligongwa kwenye kona, mkono wa gurudumu la mbele ukakatika, na hapakuwa na mtu mwenye kipuri cha aina hiyo. Hata hivyo aliambiwa akasimame konani kuinua magari ya wengine yatakayopinduka, kwani ndiyo sheria ya mchezo huu kila mahali: ukimaliza mbio zako, unawahudumia wanaofuata. Sheria hiyo ni ya haki. Lakini sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mvulana yule alipewa jembe dakika ya sita, kabla hata ya kukaribishwa maji ya kunywa. Raundi ya pili ilipoitwa, yeye na mama yake walikuwa wamekwisha ondoka. Wakati huo mpwa wangu alikuwa akinisimulia jinsi watu walivyoadimika.

Sisemi haya kwa kuwadharau wenyeji wale. Kiini cha tatizo lao ni kikubwa kuliko ukumbi mmoja. Mwaka 1976 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa gari lake la kwanza la redio, mfano wa Porsche 934. Mwaka 1984 ikatoa The Grasshopper, gari la bei nafuu ambalo mtoto aliweza kuliunganisha mwenyewe mezani akifuata kijitabu cha maelezo. Watoto wa miaka hiyo ndio watu wazima wanaoendesha vilabu vingi hivi leo. Wao waliingia mchezoni kupitia duka la mtaani, ambapo muuzaji aliwauzia gari, akawaonyesha lilipo kosa lao, akawaelekeza kiwanjani. Siku hizi watu wengi huagiza kwa intaneti, na maduka mengi ya namna hiyo yamefungwa. Kipuri chaweza kufika nyumbani kwa siku mbili, lakini hakiji na mtu wa kumwambia mtoto, "Njoo Ijumaa."

Isitoshe, maarifa yenyewe yamewatenga wageni. Mota za kisasa na betri za lithiamu zimeyapa magari haya kasi ambayo mikono ya mwanafunzi haiwezi kuimudu. Mzoefu hufurahia, na ana haki ya kufurahia, bali mgeni huona kwamba amekuja kugongwa.

Dawa inajulikana, na imekwisha jaribiwa. Mwaka 2008 kampuni ya Traxxas ya Marekani ilitoa lori dogo liitwalo Slash. Lilitoka dukani likiwa tayari limeunganishwa, imara, na kwa bei isiyotisha. Viwanja vingi vya huko vilianzisha daraja la malori hayo, na watu wasiowahi kushindana wakamiminika. Ole wao! Haukupita muda mrefu kabla ya makampuni mengine kuunda malori ya umbo hilo hilo, lakini yaliyokusudiwa ushindi na yenye bei ya ushindi. Aliyekuja na lori lake la kawaida akajikuta tena mkiani. Daraja lililofunguliwa kwa ajili ya mgeni likatwaliwa na wenyeji, na baada ya miaka michache viwanja vingi vikakosa watu wa kulijaza. Funzo ni kwamba haitoshi kuwafungulia wageni mlango. Hapana budi pia kuwe na mtu wa kuulinda.

Nilimshauri mpwa wangu mambo machache. Kwanza, liwepo kundi moja la wanaoanza, lenye mota ya aina moja na tairi za aina moja, na yeyote aliyekwisha kushinda mara kadhaa alihame. Pili, klabu iwe na magari mawili au matatu ya kuazima, ili mtu ajaribu kabla ya kutoa fedha zake. Tatu, liwepo sanduku la vipuri vya magari yale ambayo wageni hununua, wala si yale wanayopenda mabingwa. Nne, kila mgeni akabidhiwe mwenyeji mmoja atakayesimama naye konani usiku wa kwanza na kumuuliza jina lake.

"Wazee watakasirika, Mjomba," alinijibu. "Ndio wanaolipa kila wiki. Ndio wanaokuja mapema kutandika zulia. Tukiwapunguzia mbio zao, tutawapoteza wao pia."

Hoja yake ina uzito, na anayeipuuza hajapata kuendesha chama. Wakongwe ndio nguzo. Lakini sikumwambia awapunguze kasi. Nilimwambia awaombe kundi moja tu, na nusu saa ya usiku wao. Mzee asiyeweza kutoa nusu saa ili ukumbi usifungwe, atakuwa na usiku mzima wa kukaa nyumbani ukumbi ukishafungwa.

Msomaji ataniuliza, hayo ya Uingereza yatuhusu nini sisi ambao watoto wetu huunda magari ya waya na vifuniko vya chupa? Yatuhusu sana. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilikosekana katika ratiba ya mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002 hadi iliporejea mwaka 2021, na maelfu hufurika Naivasha kuitazama. Hata hivyo, tamasha kubwa halizai dereva, wala fundi, wala msimamizi wa mbio. Hao huzaliwa mahali padogo, penye kiingilio kidogo na mtu mmoja mwenye subira. Ni vyama vingapi vya michezo hapa kwetu, vya ndondi, vya sataranji, vya riadha mitaani, vimekufa huku viongozi wake wakilia kwamba vijana hawaji, ilhali kijana alikuja Jumamosi moja akasimama mlangoni bila kuulizwa aliyemtafuta?

Kabla sijaondoka, mpwa wangu alitafuta katika daftari la viingilio nambari ya simu ya mama yule. Aliipata. Aliniuliza amwambie nini. Nilimjibu kwamba aanze kwa kuuliza jina la mtoto, kisha amwambie kuwa mkono wa gurudumu umepatikana.