Misuli ya Dodoma Haitoki Kwenye Kopo

Kijana wa Dodoma anayeanza kunyanyua vyuma leo anaibiwa mchana kweupe. Kabla hajajua kuchuchumaa na chuma mabegani bila kuumiza mgongo, ameshaambiwa anunue kopo la unga wa protini, kwa bei inayomeza kipato cha bodaboda cha siku nyingi. Anaambiwa chakula cha kwao hakijengi mwili. Huo ni uongo, na anayeurudia kwa sababu ana chake katika mauzo aone haya.

Hesabu wanayoificha ni hii. Mwaka 2018, watafiti walioongozwa na Robert Morton waliunganisha matokeo ya tafiti 49 zenye washiriki 1,863. Walikuta kwamba kwa anayefanya mazoezi ya nguvu, misuli huendelea kunufaika na protini hadi karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Juu ya hapo, kwa wastani, nyongeza haikuleta kitu. Kijana wa kilo 70 anahitaji gramu 112, basi. Mwenye wasiwasi afike 2.2 kwa kilo, aishie hapo. Na nyongeza yenyewe, kwa wastani, iliwapa waliotumia takriban gramu 300 tu za mwili usio mafuta kuliko wenzao waliofanya mazoezi bila nyongeza hiyo. Gramu mia tatu! Kazi kubwa ilifanywa na vyuma.

Kinachozidi hakigeuki kifua. Ini huondoa naitrojeni yake, ikawa urea, ikatoka na mkojo; mabaki huchomwa kama nguvu au huwekwa kama mafuta. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye aliye hatarini zaidi, naye mara nyingi haulizwi kitu anapouziwa.

Kopo huuzwa pamoja na hofu nyingine: kwamba mwili haupokei zaidi ya gramu 30 kwa mlo mmoja, kwa hiyo unga unywewe kila baada ya saa chache. Mwaka 2023 watafiti wa Maastricht, Uholanzi, waliwapa watu gramu 100 za protini ya maziwa kwa mkupuo baada ya mazoezi, wakawalinganisha na waliopewa 25. Waliopewa 100 waliendelea kuitumia kujenga misuli kwa zaidi ya saa 12. Kwa hiyo anayekula milo miwili mikubwa hana sababu ya kukimbizana na saa.

Sasa tutazame sahani yetu. Mayai matatu yana gramu 18 za protini. Nusu lita ya maziwa, 16. Gramu 100 za kunde kavu, 23 au zaidi kidogo. Gramu 50 za karanga, 12. Unga wa mtama au uwele gramu 400, kwa uji na ugali wa siku nzima, kama 40. Hapo tumefika 109, na bado sijagusa dagaa, njugu mawe wala kipande cha mbuzi wa mnada wa Msalato. Ni kweli kwamba protini ya mtama ina upungufu wa laisini, kijenzi kimoja cha protini, na ikipikwa huwa ngumu kumeng'enywa. Lakini kunde zina laisini tele, na kuchachusha unga wa uji hulegeza ugumu huo. Kwa nini hilo halifundishwi jimu? Na karanga hizo si ngeni kwetu: mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa, mkoani humu humu, kuzilima, wakashindwa, wakaacha mwaka 1951. Mkulima wa jembe la mkono anazilima hadi leo, halafu mjini tunamwambia kijana wake kwamba nguvu inatoka ng'ambo.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Takwimu za afya za mwaka 2022 zilionyesha kuwa takriban asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Protini na vyakula vingine bora vinakosekana kwenye bakuli la mtoto aliyedumaa, na sisi tunashindana kumwaga fedha kwenye mkojo wa mtu mzima aliyekwisha kushiba. Baba wa Nkuhungu au Chang'ombe anayenunua kopo ilhali mwanawe anakunywa uji mtupu, fedha ile ingetosha mayai na karanga za nyumba nzima.

Wenye jimu, acheni kuwa wauza duka kwa vijana waliowaamini. Wafundisheni kunyanyua, wafundisheni kula. Shirika la Viwango (TBS), mliokabidhiwa usimamizi wa vyakula mwaka 2019, pimeni yaliyomo kwenye makopo hayo na mtangaze majibu hadharani. Nawe kijana, zidisha uzito wako kwa 1.6, hesabu unachokula leo, kisha nenda sokoni Majengo ukanunue kinachopungua.