Kabla ya Kupanda Baiskeli ya Mlimani

Watu husema kwamba ajali haina kinga. Neno hilo lina kweli ndani yake, kwani hakuna ajuaye yatakayompata kesho. Walakini mara nyingi mvivu hulifanya kuwa shuka la kufunikia uvivu wake. Kijana aendaye kwa mara ya kwanza kufanya mazoezi na timu ya baiskeli za mlimani yampasa kujua kwamba ajali nyingi zina kinga, na kinga hiyo huwekwa nyumbani, jioni ya kuamkia siku ile.

Mchezo huu wenyewe ulianza na fundisho hilo. Katika jimbo la California, nchi ya Marekani, si mbali na mlima uitwao Tamalpais, vijana walikuwa wakiteremka vilima kwa baiskeli kuukuu zenye matairi manene. Mwaka 1976 walianza kushindana katika njia moja ya udongo, ishukayo kiasi cha mita 400 katika mwendo wa kilometa tatu na kidogo. Breki zao zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kwa ukali wa mteremko zilipata moto, hata grisi iliyokuwamo ikatoka moshi. Ilibidi kufungua kitovu na kutia grisi mpya kabla ya kushuka tena. Ndipo njia ile ikaitwa Repack, maana yake kujaza upya. Hata hao wapenda mbio, basi, walilazimika kutengeneza breki kwanza.

Leo shule za huko zina timu zao, na tangu mwaka 2009 kipo chama cha nchi nzima cha kuzisaidia. Mtoto aingiaye timu hufikiri mengi: Je, wenzake watamcheka? Je, ataachwa nyuma? Hayo si ya kwanza. La kwanza ni mambo matatu: upepo wa matairi, breki, na mnyororo.

Na apige pampu kwa kiasi, kwa maana tairi gumu mno hurukaruka juu ya mawe, na tairi lililolegea huumiza mpira wa ndani. Na ashike breki ya mbele na kuisukuma baiskeli. Gurudumu likizidi kuzunguka, breki hiyo haifai. Na afute mnyororo kwa kitambaa na kuutia mafuta kidogo. Kofia ngumu na ikae sawasawa, vidole viwili juu ya nyusi, wala isisukumwe kisogoni. Kisha na aweke tayari maji ya kunywa, pampu, na mpira mwingine wa ndani.

Wako wasemao kwamba kazi hiyo ni ya baba au ya fundi. Ni vema mkubwa amfundishe mtoto, lakini mkono utendao na uwe wa mtoto mwenyewe, kwa sababu huko mlimani baba hayupo wala fundi hayupo.

Tena liko jambo kubwa kuliko hayo. Njia ya mlimani ni nyembamba, na waendeshaji hufuatana mmoja mmoja. Breki ya mmoja ikikataa, huumia yule aliye mbele yake, asiye na kosa lo lote. Kwa hiyo aonaye kasoro akaificha kwa haya amefanya vibaya kuliko asiyeiona. Afadhali amwambie mwalimu, hata kama siku hiyo atakaa kando na kuwatazama wenziwe wakienda. Aibu hiyo hupita upesi, bali mfupa uliovunjika haupoi kwa siku moja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mlimani ukuta huo huenda ukawaangukia wengine. Mwenye baiskeli kuukuu aliyoikagua kwa mkono wake ni mwenzi mwema kuliko mwenye baiskeli mpya asiyeijua hali yake.