Nyutrino si za Wazungu peke yao

Wasee, kuna sentensi imenichosha: "Hiyo sayansi ni ya mabilioni, si ya watu wa ziwa." Nimeisikia kwa lekchara, nimeisikia kwa mjomba. Ni uongo.

Chukua nyutrino, chembe zinazopita mwilini mwako saa hii bila hata kukusalimia. Marekani wanajenga DUNE: watazirusha kilomita 1,300 ardhini, kutoka Illinois hadi South Dakota, zikakutane na matangi ya argoni baridi. Hapo pesa ni nyingi kweli, sibishi.

Lakini kuna shida ambayo pesa ya tangi haimalizi, nayo iko ndani ya kiini cha atomu. Kiini cha argoni kina protoni 18 na nyutroni 22, zimebanana kama Kibuye siku ya Jumapili. Nyutrino ikigonga moja, pengine chembe iitwayo pioni inazaliwa hapo katikati, na lazima ijipenyeze itoke. Njiani inagongana, inapoteza nishati, inageuzwa njia. Saa zingine inamezwa, haitoki kabisa. Wewe uko nje, unaona tu kilichofika getini, halafu unatakiwa useme nyutrino ilikuja na nishati gani. Ukikosea hesabu ya huo msongamano, jibu lako ni bure.

Na hesabu yenyewe ni programu! NuWro iliandikwa Chuo Kikuu cha Wrocław, Poland. Kuna GENIE pia. Zote ziko wazi mtandaoni, hulipi kitu. Laptopu ile unaeditia video inatosha kuanzia.

Eti Afrika haihusiki? Mwaka 1965 nyutrino zinazozaliwa angani zilinaswa kwa mgodi wa dhahabu Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 3 chini. Na Chuo Kikuu cha Antananarivo kiko ndani ya DUNE. Madagaska, bana! Wametushinda pesa lini?

Na usiniambie tumalize gugumaji kwanza. Mbinu ya hizi programu ni kurusha kete mara maelfu ndani ya kompyuta. Anayeijua anaweza kuipeleka kwa mafuriko ya Nyando kesho.

Chuo nilichoacha kilituacha tunakopi ripoti za pendulamu za waliotutangulia. Kwa hivyo lekchara wa fizikia hapa Kisumu, Maseno au Bondo: mwaka huu wape wanafunzi wawili tu NuWro iwe projekti. Wabadilishe kitu kimoja, uwezekano wa pioni kumezwa, wachore grafu. Wakikwama, mnikaribishe, nitakuja na laptopu yangu.