Cheti cha Tabia Njema Kisigeuzwe Kuwa Adhabu



Ajira ya kudumu imekuwa kitu adimu nchini mwetu. Wengi wa vijana wetu, na hata wazazi wenye umri mkubwa, wanaishi kwa mikataba ya miezi mitatu, sita au mwaka mmoja. Leo wanalinda lango la benki, kesho wanafagia ukumbi wa abiria katika uwanja wa ndege, kesho kutwa wanapakua mizigo bandarini chini ya kampuni nyingine. Mara nyingi kazi ni ile ile na mahali ni pale pale. Kinachobadilika ni jina la mwajiri tu. Hata hivyo, kila jina hilo linapobadilika, mfanyakazi huanza upya safari ya kuthibitisha kwamba yeye si mhalifu. Ni juu ya safari hiyo tunawaomba mtafakari pamoja nasi katika toleo hili.

Usalama nao ni haki

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hatupingi uchunguzi wa wale wanaokabidhiwa maisha na mali za watu. Nchi yetu imelipa gharama kubwa mno hata tukalisahau jambo hilo. Tarehe 7 Agosti 1998 zaidi ya watu 200 walipoteza maisha Nairobi kwa bomu moja. Mwaka 2013 tuliomboleza Westgate. Mwaka 2015 wanafunzi wetu waliuawa Garissa. Mzazi anayempeleka mtoto shuleni ana haki ya kujua kwamba bawabu na mpishi wa shule hiyo hawajapata kuhukumiwa kwa kuwadhuru watoto. Msafiri naye ana haki ya kujua kwamba anayegusa mizigo ya ndege amechunguzwa.

Tena, baadhi ya masharti haya hayakutungwa na serikali yetu peke yake. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 juu ya safari za anga una kiambatisho cha 17 kinachohusu usalama, kilichopitishwa mwaka 1974. Kiambatisho hicho kinazitaka nchi zichunguze historia ya kila mtu anayeruhusiwa kuingia bila kusindikizwa katika sehemu zilizofungwa za uwanja wa ndege. Bandari nazo, tangu tarehe 1 Julai 2004, zinafuata kanuni za kimataifa zinazodai kila anayeingia adhibitiwe. Na kwa upande wa walinzi wa kampuni za binafsi, tunayo Sheria ya mwaka 2016 inayotaka wasajiliwe na mamlaka maalumu.

Kwa hiyo swali letu si kama uchunguzi uwepo au usiwepo. Swali ni hili: ni nani anayebeba mzigo wake, na je, unatendwa kwa haki?

Mzigo wa anayehamahama

Mtafuta kazi huomba cheti cha tabia njema kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai kupitia mtandao wa eCitizen. Hulipa shilingi 1,050, huchapisha fomu, kisha huenda na kitambulisho chake katika kituo cha Huduma au ofisi ya Idara kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi, halafu hungoja. Kwa mwenye mshahara wa kila mwezi, hilo ni jambo la asubuhi moja. Kwa mama wa kijijini asiye na simu ya kisasa, ni ada ya cheti, malipo ya kijana wa duka la kompyuta, nauli ya kwenda na kurudi, na siku nzima ya kibarua iliyopotea.

Waajiri wengi hukataa cheti kilichopita mwaka mmoja, na wapo wanaodai kipya kwa kila mkataba hata kama cha zamani hakijamaliza miezi mitatu. Tufanye hesabu. Mfanyakazi mwenye mikataba minne ya miezi mitatu mitatu, akidaiwa cheti kipya kila mara, atatumia shilingi 4,200 kwa mwaka kuthibitisha neno moja lisilobadilika. Na fedha hizo hutolewa wakati ule ule ambao hana mshahara, kati ya mkataba uliokwisha na ule ambao haujaanza.

Pasi ya uwanja wa ndege au ya bandari ina ugumu wake wa namna nyingine. Pasi hiyo si mali ya mfanyakazi. Huombwa na mwajiri na hurudishwa mkataba unapokoma. Hivyo aliyehudumu miaka mingi bila doa anaweza kujikuta nje ya lango, akisubiri kampuni mpya imwombee pasi nyingine, huku kampuni hiyo ikimwambia kwamba haiwezi kumpa kazi mpaka awe na pasi. Ni kama kumwambia mtu hawezi kuvuka mto mpaka aoneshe matope ya ng'ambo.

Kukamatwa si kuhukumiwa

Lipo jambo zito zaidi. Katika maandamano ya Juni 2024 juu ya Mswada wa Fedha, na tena katika maandamano ya mwaka 2025, vijana wengi walikamatwa. Wapo walioachiliwa bila kushtakiwa, na wapo ambao kesi zao ziliondolewa. Jambo hili halikuanza na maandamano hayo, kwani maskini wa mitaa ya mabanda wamezoea kukusanywa usiku katika misako na kuachiliwa asubuhi. Hofu ya wazazi wengi ni kwamba jina lililoandikwa kituoni litamfuata mtoto wao katika kila mkataba atakaouomba, ingawa hakuna hakimu aliyemtia hatiani.

Katiba yetu ya mwaka 2010 haikunyamaza juu ya hilo. Kifungu cha 50 kinasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya kudai habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe. Kifungu cha 47 kinampa haki ya kutendewa kwa uadilifu na ofisi za umma, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inamruhusu mtu kuomba kumbukumbu zisizo sahihi juu yake zisahihishwe. Haki hizi zipo. Tatizo ni kwamba wanaozihitaji zaidi ndio wasiozijua.

Na vipi yule aliyehukumiwa kweli, akatumikia adhabu yake, akarudi nyumbani kuanza upya? Uingereza ilitunga sheria mwaka 1974 inayoruhusu makosa mengi ya zamani yasitajwe baada ya muda uliowekwa, isipokuwa kwa kazi nyeti kama za kulea watoto. Ni vema wabunge wetu nao wapime hekima ya njia hiyo. Aliyeiba kuku akiwa na miaka 19 asinyimwe jembe akiwa na miaka 40. Jamii inayomfungia mtu kila mlango wa kazi halali isishangae akiurudia mlango wa nyuma.

Funzo kutoka mbali

Marekani ni nchi yenye mfumo mkubwa wa vibali vya usalama, na miongoni mwa wanaohitaji vibali hivyo wamo wafanyakazi wa makampuni yenye mikataba na serikali. Kule nako mfanyakazi hawezi kujiombea kibali. Ni lazima adhaminiwe na mwajiri au idara ya serikali. Lakini akitoka katika kampuni moja, juhudi yote iliyofanywa haitupwi siku hiyo. Kwa kawaida, akipata kazi nyingine inayohitaji kibali kabla ya miezi 24 kupita, na ikiwa uchunguzi wake haujapitwa na wakati, mwajiri mpya anaweza kukipokea kile kile bila kurudia kila kitu. Idara moja pia inatakiwa kuukubali uchunguzi uliofanywa na idara nyingine, ingawa mara nyingine utekelezaji huchelewa.

Haki hiyo haikuja kwa urahisi. Mwaka 1953 mhandisi wa ndege aitwaye William Greene alinyang'anywa kibali chake kwa maneno ya watu ambao hakupewa nafasi ya kuwaona wala kuwahoji, na kwa sababu hiyo akapoteza kazi. Mwaka 1959 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba serikali haikuwa imepewa mamlaka ya kumtendea hivyo, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower akatoa amri iliyoweka utaratibu wa kumsikiliza mfanyakazi wa kampuni kabla ya kumnyima kibali. Hatusemi kwamba kila kitu chao ni chema, kwani mwaka 1988 mahakama hiyo hiyo ilisema hakuna mtu mwenye haki ya kudai kibali. Tunachosema ni kwamba hata pale ambapo siri kubwa za dola hulindwa, yamepatikana mambo mawili ambayo bawabu wetu hana: uchunguzi unaohama pamoja na mtu, na nafasi ya kusikilizwa.

Mfanyakazi afanye nini

Wakati tukidai mabadiliko, tusikae mikono mitupu. Tunawashauri ndugu zetu wenye kazi za mkataba mambo yafuatayo.

Kwanza, usimwachie mwajiri cheti halisi. Mwoneshe, umpe nakala, kisha urudi nacho nyumbani pamoja na vyeti vingine.

Pili, usingoje mkataba ufe. Tazama tarehe ya cheti chako mwezi mmoja au miwili kabla ya mkataba kwisha, na kama karibu kitatimiza mwaka, omba kingine ungali na mshahara.

Tatu, unapoondoka, dai cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamlazimu mwajiri kumpa kila aliyemfanyia kazi kwa zaidi ya majuma manne mfululizo. Si hisani. Cheti hicho kinaonesha ulikuwa wapi na kwa muda gani, na huziba pengo ambalo mwajiri mpya angeweza kulitilia shaka.

Nne, rudisha pasi na sare kwa maandishi, upate sahihi ya aliyepokea. Pasi iliyopotea mikononi mwa mwingine inaweza kuleta balaa kwa jina lako.

Tano, hakikisha majina yako yanaandikwa kwa namna moja katika kitambulisho, vyeti vya shule na mikataba.

Sita, sema kweli. Kama ulipata kushtakiwa ukaachiliwa, nenda mahakamani ukatafute nakala ya uamuzi na uitunze. Uongo katika fomu huweza kukunyima kazi ambayo kosa la zamani lisingekunyima.

Saba, usimpe dalali hongo. Cheti cha kughushi ni kosa la jinai, nacho kitakuzalia rekodi ile ile uliyokuwa ukiiogopa.

Nane, ukikuta kosa katika kumbukumbu zako, andika barua, taja vifungu vya Katiba tulivyovieleza, na utunze nakala. Usipojibiwa, ipo Tume ya Haki ya Utawala na ipo ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Wajibu wa waajiri na wa serikali

Kwa waajiri tunasema hivi: mwaka 2022 Sheria ya Ajira ilirekebishwa ili mwajiri asidai vyeti vya kuidhinishwa isipokuwa kama anakusudia kuandikiana mkataba na mtu huyo. Kwa hiyo kuwaamuru waombaji 100 wa nafasi moja walete vyeti vyote ni kuwatoza ushuru watu 99 wasio na kazi, na ni kwenda kinyume cha sheria. Mchagueni mmoja kwanza, kisha mchunguzeni. Na kwa kuwa uchunguzi ni kwa faida ya biashara yenu, ni haki gharama yake iwe yenu.

Hapa hatuna budi kujitazama sisi wenyewe. Parokia zetu, shule zetu na zahanati zetu huajiri mabawabu, wapishi na wauguzi wa mkataba. Je, tunawarudishia ada ya cheti? Je, tunapokea cheti ambacho hakijapitwa na wakati, au tunadai kipya kwa mazoea tu? Je, wanapoondoka tunawapa cheti cha utumishi bila kusumbuliwa? Kamati za haki na amani za parokia zinaweza kuyauliza maswali haya katika mkutano ujao wa halmashauri ya walei, kabla hatujaelekeza kidole serikalini.

Kwa serikali tunaomba mambo matatu. Cheti kilichotolewa kitambulike na waajiri wote kwa muda mmoja uliotangazwa, ili kisidaiwe upya kila mkataba unapobadilika. Aliyechunguzwa kwa ajili ya pasi ya uwanja wa ndege au bandari aweze kuhamia kampuni nyingine ya mahali pale pale bila kuanza mwanzo. Na kumbukumbu za walioachiliwa na mahakama zisafishwe bila wao kulazimika kupiga magoti kwa mtu yeyote.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mnawajua vijana wenu kuliko kompyuta yoyote. Mnaweza kuwasaidia wasiojua kutumia mtandao kujaza maombi yao, kuwasindikiza wanaoogopa kuingia ofisini, na kuchangia nauli ya aliyekwama. Mtu akipita miezi mitatu bila kazi kwa sababu ya shilingi 1,050, aibu hiyo si yake peke yake.